Marisawa ya chuma au ya bismuthi kwa bata na kunguru?

Nchini Marekani, tangu mwaka 1991, mwindaji wa bata wa majini haruhusiwi hata kubeba marisawa (vitufe vidogo vya bunduki) ya madini ya risasi, kwa kuwa ndege huyameza na kufa kwa sumu. Kwa hiyo kunguru akipita katika msimu wake halali, naye atapigwa kwa marisawa yasiyo na sumu, kama ya chuma au ya bismuthi.

Kwa bei, chuma hushinda kwa mbali. Bismuthi, metali laini kuliko chuma yenye msongamano wa takriban gramu 9.6 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 7.8 wa chuma, hudumisha nguvu zaidi masafa yanaporefuka. Linalonitia wasiwasi hasa ni mtutu wa zamani, ambao ugumu wa chuma unaweza kuuharibu. Mwenye bunduki mpya anayewalenga kunguru wengi kwa karibu atafaidika na chuma. Aliyerithi bunduki kuukuu alipie bismuthi.