Tahadhari: “tuzo za RIAA” za miaka ya 60 na 70 zinazouzwa mtandaoni

Wakusanyaji, msikimbilie matangazo ya diski za dhahabu “alizokabidhiwa msanii mwenyewe” kwa bei ya kutupa. Nyingi ni mapambo ya ukutani tu: santuri iliyopakwa rangi, nakala ya jalada na kibati. Kuuza pambo si kosa. Utapeli unaanza pale kibati kinapotaja RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani kinachoidhinisha tuzo hizi za mauzo, ilhali chama hakihusiki kabisa.

Anzeni na tarehe, maana hapo ndipo matapeli wengi hujikwaa. Dhahabu ya RIAA ilianza 1958, platinamu 1976, almasi 1999. Platinamu ya RIAA yenye tarehe ya 1972? Msiulize hata bei. Kisha someni kibati. Kabla ya 1975 albamu ilipata dhahabu kwa mauzo ya dola milioni 1, na kibati kilisema hivyo. “Nakala 500,000” kwenye tuzo ya albamu iliyoidhinishwa 1969 ni ya kughushi. Singo ya dhahabu ilihitaji nakala 1,000,000 hadi kiwango kiliposhushwa kuwa 500,000 mwaka 1989.

Tarehe ya kuidhinishwa hupatikana bure kwenye tovuti ya RIAA. Msiichanganye na tarehe ya albamu kutoka, kwani tuzo ya albamu kongwe huweza kutengenezwa miaka mingi baadaye, kwa mtindo wa wakati huo. Kwa hiyo hologramu, nembo ing’aayo ya kuthibitisha uhalisi iliyoanza katikati ya miaka ya 80, si kasoro kwa sababu tu muziki ni wa zamani. Ni kasoro ikibandikwa kwenye fremu ya usuli mweupe wa kitani, mtindo wa 1964 hadi katikati ya miaka ya 70.

Idadi ya nyimbo kwenye diski isipolingana na albamu, msishtuke. Mara nyingi watengenezaji walitumia diski yoyote iliyokuwa karibu, hata kwenye tuzo halisi.

Ujanja mgumu kuugundua ni kubadilisha kibati: tuzo halisi iliyokabidhiwa kituo cha redio inawekwa jina la msanii, bei inapaa. Ombeni picha ya kibati kwa karibu, ikipigwa na mwanga wa ubavuni. Usuli wa zamani huwa umegeuka manjano, hivyo kibati kipya kisichotoshana na cha awali huacha ukingo mweupe au alama ya gundi. Ombeni na picha ya mgongo wa fremu. Karatasi ya mgongoni iliyochanwa peke yake si ushahidi, kwani fremu nyingi zimefunguliwa ili kubadilisha kioo. Karatasi iliyochanwa pamoja na kibati king’aacho kama cha jana, achaneni nayo.

“Cheti cha uhalisi” alichochapa muuzaji hakina uzito. Dai barua ya aliyekabidhiwa tuzo au picha yake ya zamani akiwa nayo. Na anayeshinikiza alipwe kwa PayPal kama rafiki au ndugu anakuondolea ulinzi wa mnunuzi: mzigo usipofika, hurudishiwi kitu.