Kozi ya sarufi ya Kiingereza kwa WhatsApp: elfu thelathini yangu niliirudisha kwa somo moja

Niko mapokezi kwenye kampuni ya utalii Arusha, kwa hiyo siku nzima ni barua pepe za Kiingereza. Mwezi wa tatu bosi alinirudishia barua ya mgeni kaipaka rangi ya njano: "When you will arrive, our driver will be waiting." Nikaisoma mara tatu, kosa silioni. Si ndiyo "utakapofika, dereva wetu atakuwa anakusubiri"? Nikaona aibu kuuliza, nikalipia kozi ya wiki sita, shilingi 30,000.

Wiki mbili za kwanza nilijuta. Sentensi sahili, ambatano, changamano, kila moja na fasili yake ya kukariri, utadhani nimerudi kidato cha pili. Sauti za dakika kumi na mbili zinaingia saa tano usiku, bando linakata, na usingizi nao umeshafika.

Wiki ya tatu ndipo Madam, mwalimu wetu, akaanzia kwenye Kiswahili. Akaichambua "utakapofika": -ta- ya wakati ujao, -po- ya kirejeshi (yaani "wakati ambapo"), sisi tunavibeba vyote ndani ya kitenzi kimoja. Kiingereza wameweka "when" pembeni, na kitenzi kinachoifuata kinabaki wakati uliopo hata kama mgeni anakuja mwakani: "When you arrive". Ile "will" inakaa kwenye kishazi huru, sehemu ya sentensi inayoweza kusimama peke yake. Hali ni hiyohiyo kwa "before", "until" na "if" ya sharti.

Nikambana: mbona "I don't know when he will arrive" ni sahihi? Jibu lilichukua siku mbili, ila lilikuwa jibu. Pale kishazi kizima ni shamirisho ya "know", ndicho kitu usichokijua. Hakielezi tendo jingine litatokea lini. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kishazi tegemezi, kile kisichoweza kusimama peke yake, unakipima kwa kazi yake kwenye sentensi, maana neno la mwanzo linaweza kukudanganya.

Kwa njia hiyohiyo akanikamata na "although". Kiswahili tunasema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza unachagua moja, "although" au "but". Halafu "the car which you booked it": hiyo "it" ni ile -li- ya pili kwenye "gari ulilolikodi", imetufuata mpaka ng'ambo. Barua zangu za zamani zimejaa hizo, sitaki hata kuzifungua.

Lawama ninazo. Sentensi zenye vishazi huru viwili na tegemezi juu yake, ambazo ndizo ngumu, zilipewa kurasa mbili za PDF bila sauti. Mazoezi yanarudi na alama ya vema au kosa tu, sababu ujitafutie. Na anayetaka kuongea asijisumbue, wiki sita nzima hatukutamka chochote.

Nawapa nyota tatu na nusu. Ningepewa wiki ya tatu na ya nne peke yake kwa elfu kumi na tano, ningewapa tano.

Juzi bosi kapitia barua yangu ya aya nne. Njano ilikuwa sehemu moja tu, "recieve". Tahajia hawakufundisha.