Soka la Marekani kwa asiye mnazi: pesa yako ianzie wapi

Mwongozo huu haumhusu mnazi. Mnazi hashauriki, ana ngoma yake, ana nafasi yake jukwaani, na nyumbani wameshazoea kwamba Jumamosi hayupo. Namwandikia yule mwingine: amekulia kwenye Simba na Yanga au Gor na AFC, Ligi Kuu ya Uingereza anaifuatilia kwa jicho moja, sasa maisha yamemfikisha Columbus, Minneapolis, Dallas au Louisville, na angependa kuona soka la kulipwa hapo hapo alipo bila gharama za kufuru. Nimezipanga njia za kutumia pesa kuanzia ile ambayo ningemwambia ndugu yangu aanze nayo, hadi ile ambayo ningemwambia aache.

1. Tiketi ya timu ndogo ya mjini kwako

Wengi wakitaja mpira wa Marekani wanafikiria MLS tu, ligi iliyoanza kuchezwa 1996 ikiwa na timu 10 na ambayo tangu 2025 ina timu 30, tatu kati yake za Canada. Chini yake kuna USL yenye madaraja yake, na huko dola bado ina nguvu. Viti vya bei ya chini mara nyingi havifiki dola 25, unakaa karibu na mstari kiasi cha kumsikia kocha akimfokea beki wake, na ukimaliza unatoka maegeshoni kwa dakika chache.

Mfano mzuri ni Portland ya Maine. Hearts of Pine walianza kucheza USL League One mwaka 2025 kwenye uwanja wa mji, Fitzpatrick Stadium, na tiketi zikawa zinagombewa tangu msimu wa kwanza. Mji wenyewe una Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waangola wengi, kwa hiyo kusikia Kiswahili au Kilingala kwenye foleni ya kuingilia si ajabu. Louisville nako, ambako Wakongo ni wengi, kuna Lynn Family Stadium inayotumiwa na timu mbili: Louisville City ya wanaume, mabingwa wa USL wa 2017 na 2018, na Racing Louisville ya wanawake.

Na hapo kwenye wanawake usipite haraka. NWSL, ligi kuu ya wanawake ya huku, ndiyo ambayo mchezaji wa Afrika haingizwi dakika ya 80 kupoteza muda, ndiye anayesubiriwa. Temwa Chawinga wa Malawi alifunga mabao 20 akiwa na Kansas City Current mwaka 2024, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi, na mwaka uliofuata akachukua tena tuzo ya mchezaji bora. Barbra Banda wa Zambia ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya 2024 lililowapa Orlando Pride ubingwa. Uwanja wa Kansas City, uliofunguliwa 2024, unachukua watu 11,500 na ulijengwa mahsusi kwa ajili ya timu ya wanawake ya kulipwa. Ukiwa na binti anayecheza mpira shuleni, anza na tiketi hii kabla ya nyingine yoyote.

2. Tiketi ya MLS, moja moja

Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bei ya MLS haina msimamo. Uwanja ule ule, kiti kile kile, bei inapanda na kushuka kutegemea mpinzani, siku na hali ya hewa. Kanuni yangu: katikati ya wiki ni rahisi kuliko Jumamosi, na mpinzani wa mbali asiye na nyota ni rahisi kuliko mtani wa jadi. Kisha kuna siri ya ligi yenyewe. MLS haina kushuka daraja, na timu 18 kati ya 30 huingia hatua ya mchujo ya kutafuta bingwa. Timu ambayo kufikia Septemba imeshakosa nafasi hiyo haina cha kupigania, wenye tiketi za msimu (waliolipia mechi zote za nyumbani kwa mkupuo) hawana hamu ya kwenda, na viti vyao wanavimwaga sokoni. Kwa mtu wa kawaida anayetaka jioni moja nzuri na familia, hiyo ni neema. Mpira utauona, wachezaji ni wale wale, na wengine wanacheza kutafuta mkataba wa mwaka ujao.

Kuhusu walanguzi: huku ulanguzi ni biashara halali na una programu zake za simu. Tangu Mei 2025 sheria ya serikali kuu inawalazimu wauzaji kuonyesha bei kamili, pamoja na makato, tangu mwanzo. Zamani ulikuwa unaona dola 30 na unalipa 44. Sasa unaweza kulinganisha programu mbili tatu kwa haki. Kama si mechi kubwa, angalia tena saa chache kabla ya kuanza. Anayebaki na kiti mkononi huwa anashusha.

Tiketi huwa kwenye simu, na nyingi zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache. Maana yake ni kwamba picha ya skrini uliyotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp haikuingizi. Mwambie akuhamishie tiketi yenyewe kwenye akaunti yako, na afanye hivyo mapema, siyo mkiwa getini mtandao unasuasua. Mkoba nao uwe wa plastiki inayoonyesha ndani au mdogo sana. Viwanja vingi havikubali begi la kawaida, na kurudi garini na watoto wawili ni adhabu.

Kiti gani? Nyuma ya goli upande wa mashabiki ndiko raha, na mara nyingi ndiko rahisi, lakini ujue unachonunua: dakika 90 za kusimama, bendera mbele ya uso, ngoma sikioni. Columbus jukwaa hilo wanaliita Nordecke. Portland ya Oregon ni mambo mengine kabisa: Timbers wakifunga, jamaa mmoja anayeitwa Timber Joey anawasha msumeno wa injini na kukata kipande cha gogo kubwa mbele ya mashabiki, vumbi la mbao likiruka, na mechi ikiisha mfungaji anakabidhiwa kipande chake. Ukiwa na mzee au mtoto mdogo, kaa ubavuni, safu za katikati, upande usiopigwa na jua la jioni.

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye tiketi: maegesho na chakula. Kwenye viwanja vingine soda na soseji vinaweza kukaribia bei ya kiti chenyewe. Atlanta walivunja utaratibu huo walipofungua Mercedes-Benz Stadium mwaka 2017 kwa kuuza hotidogi dola 2, na soda ya kujijazia dola 2. Kabla ya kununua, angalia kama kuna treni au basi linalofika uwanjani. Hapo ndipo tofauti ya jioni rahisi na jioni ghali inapopatikana.

Tiketi ya kumwona Messi nimeitoa kabisa kwenye orodha. Tangu ajiunge na Inter Miami Julai 2023, bei hupaa kokote wanakokwenda, na hakuna anayekuhakikishia kwamba atacheza. Mei 2024, watu zaidi ya 50,000 walijaa Vancouver, na Messi, Suárez na Busquets hawakusafiri hata kidogo. Klabu ya Vancouver iliwapoza mashabiki kwa kuwapunguzia nusu bei ya chakula na vinywaji. Ukila burger tatu huenda roho ikatulia.

3. Kifurushi cha kutazama nyumbani

Mechi zote za MLS ziko Apple, kwa mkataba ulioanza 2023. Hadi 2025 ulilazimika kununua kifurushi cha pekee juu ya kile cha kawaida, na kwa shabiki wa kawaida hiyo haikuwa na maana. Kuanzia 2026 mechi zimo ndani ya Apple TV ya kawaida, iliyokuwa dola 12.99 kwa mwezi mabadiliko hayo yalipotangazwa. Huhitaji iPhone, programu yake ipo kwenye Android tangu 2025, na kifurushi kimoja mnaweza kutumia hadi watu sita wa familia.

Hata hivyo usilipie mwaka mzima. Lipia mwezi wa mchujo, tazama, sitisha. Kama haja yako ni Arsenal na Liverpool, pesa hiyo ipeleke Peacock badala yake, kwa sababu Ligi Kuu ya Uingereza iko kwa NBC, wenye Peacock. Na kama hutaki kulipa kabisa, antena ya kubandika dirishani inakuletea kituo cha ION, ambacho Jumamosi usiku huonyesha mechi za NWSL bure.

4. Jezi

Jezi zote za MLS zinatengenezwa na adidas, kwa aina mbili. Ile ya karibu dola 100 ni ya mashabiki: pana kidogo, nembo imeshonwa. Ile ya dola 150 na kuendelea ni kama wanayovaa wachezaji: inabana, nembo imebandikwa kwa joto. Ya pili ni ya kiuno cha mtu wa miaka 22. Mwenye kitambi cha heshima achukue ya kwanza bila aibu.

Kila timu huwa na jezi kuu mbili, na kila mwaka hubadilishwa moja tu. Kwa hiyo ukinunua iliyotoka mwaka huu, mwakani bado itakuwa jezi ya sasa. Ukinunua ya mwaka jana, subiri Novemba au Desemba ishushwe bei.

Jina la mgongoni lifikirie mara mbili. MLS mchezaji anaweza kubadilishwa timu ghafla. Handwalla Bwana, aliyezaliwa Mombasa, alikuwa kipenzi cha vijana Seattle; mwaka 2020 akapelekwa Nashville. Bernard Kamungo, aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu na kukulia Abilene, Texas, alianzia kwenye majaribio ya wazi na kufika FC Dallas, akawafunga Inter Miami Agosti 2023. Jina kama hilo ningelivaa hata akihama.

5. Tiketi za msimu

Mwisho kabisa. Ni mechi 17 za nyumbani za ligi, na mtu wa kazi za zamu atahudhuria sita. Zilizobaki utauza kwa hasara, maana unakuwa ndiye yule muuzaji wa Septemba niliyemtaja. Ukipenda sana, tafuta kifurushi cha mechi chache unazochagua mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi la kuuliza. Katikati ya 2027 MLS inahamia ratiba ya kuanza Julai na kumaliza Mei, na kabla ya hapo kutakuwa na msimu mfupi wa kuanzia Februari hadi Mei. Muuzaji akikupigia simu, na ukishaacha namba yako atapiga, mwulize pesa hii ni ya msimu upi na ina mechi ngapi. Halafu tafuta kipengele cha kujihuisha chenyewe mwaka unaofuata, kwa sababu klabu nyingi wanacho, na kadi yako itakatwa wakati wewe umeshasahau.