Sonic the Hedgehog 2 ya simu: hatua iliyofichwa yarudi
Toleo la simu la mwaka 2013 la mchezo wa video Sonic the Hedgehog 2, lililotengenezwa na Christian Whitehead na Simon Thomley, linastahili sifa hasa kwa kuirudisha Hidden Palace, hatua iliyoondolewa kabla mchezo wa awali haujaingia sokoni mwaka 1992, ingawa ndani ya kaseti ulibaki wimbo usiotumika katika hatua yoyote, uliosikika kwenye menyu ya kujaribia sauti pekee. Zamani, katika sehemu ya pili ya hatua iitwayo Mystic Cave, palikuwa na shimo la miiba ambalo ukitumbukia hutoki. Sasa shimo hilohilo ndilo mlango wa kuingilia Hidden Palace. Nilipotumbukia makusudi, moyo ulinidunda kwa furaha. Natamani tu pangekuwa na dokezo, maana mchezaji mgeni anaweza kumaliza mchezo mzima bila kuufikia mlango huo.