Visu vya kukunja nisivyovipendekeza: uzoefu wangu kwa kazi za pwani ya Mtwara na Lindi

Kisu cha kukunja hufa kwenye kiungo kabla hakijafa kwenye makali. Mnunuzi anayepitisha dole gumba kwenye makali na kusema "hiki kikali" amepima sehemu iliyo rahisi kurekebisha. Makali butu yanarudi kwa kinoo ndani ya dakika 10. Kiungo kilicholegea, au kufuli lisiloshika, mara nyingi ndio mwisho wa kisu chenyewe.

Tathmini hii nimeitoa kwa kazi za huku: kutengeneza samaki, kukata kamba za nailoni, kufungua magunia ya korosho, kubebesha miche, kumenya embe na muhogo. Aina ninazozitaja ndizo ambazo wapenzi wa visu huzipita bila kuzishika, na sababu zao nyingi nazikubali.

Kinachoongoza ni kile kisu cheusi cha "uokoaji" kinachopangwa kwenye meza za wamachinga pamoja na tochi na chaja. Kina springi inayokifyatua ukikigusa kidogo, ncha ya kuvunjia kioo kitakoni, kijembe cha kukatia mkanda wa gari, klipu ya mfukoni, na nusu ya makali yake ni meno ya msumeno. Kwa macho kinavutia sana. Mkononi, kila nyongeza imekula nafasi ya kitu ulichokuwa unakihitaji.

Tuanze na meno. Yamewekwa sentimita 3 za mwanzo, karibu na mpini, pale ambapo mkono una nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisu. Kazi zote za kuchonga hufanyikia hapo. Chukua ubebeshaji wa mkorosho: kikonyo kinachongwa kwa mikato miwili laini, kila mmoja wa sentimita 3 hadi 4, ikutane kama kabari, kisha kiingizwe kwenye ufa wa mche ili tabaka la kijani chini ya gome ligusane pande zote. Meno yanaacha mkato wenye matuta. Kwenye kila tuta kuna uwazi, hewa inaingia, kikonyo kinakauka kabla hakijashika. Mtu yeyote aliyejifunza kazi hii kwa wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, hawezi kukishika kisu cha namna hiyo kwenye kitalu.

Meno yenyewe hayana kosa. Kwa mvuvi anayekata kamba ya nailoni iliyolowa, kisu chenye meno kuanzia mpini hadi nchani ni chombo bora, kwa sababu kamba haitelezi juu ya makali. Tatizo ni nusu kwa nusu: meno mafupi mno kwa kamba nene, makali laini mafupi mno kwa minofu ya changu. Na kinoo bapa hakinoi meno. Unalazimika kuzungushia msasa namba 600 kwenye msumari mnene au penseli, kisha kupitisha bonde moja moja, upande ule tu uliochongwa kiwandani. Upande wa pili unaugusa kidogo tu, kinoo kikiwa kimelala, kuondoa vipele vya chuma. Watu wengi hawafanyi hivyo, kwa hiyo meno yakiisha yameisha.

Springi nayo. Kwenye visu hivi springi ileile inayofungua ndiyo inayokizuia kisu kisifunguke mfukoni. Ni waya mwembamba uliojificha ndani ya mpini, mahali usipoweza kupafuta. Maji ya bahari yakiingia, chumvi inabaki, waya unapata kutu, na siku unapokatika unapoteza mambo mawili kwa pamoja: kisu hakifunguki vizuri na hakikai kimefungwa. Kisu kisichokaa kimefungwa ndani ya mfuko wa suruali ni hatari kuliko kisu kisicho na makali.

Halafu kufuli. Fungua taratibu huku ukitazama ndani ya mpini. Utaona bamba jembamba la chuma likisogea pembeni na kukaa nyuma ya kisigino cha ubapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini. Hilo ndilo linalozuia kisu kisijifunge kwenye vidole. Angalia limekaa wapi. Likishika theluthi moja hadi nusu ya unene wa kisigino, ni sawa. Likigusa ukingoni tu, litateleza siku utakayobonyeza kwa nguvu. Likiwa limeshavuka hadi upande wa pili kisu kikiwa bado kipya, halina tena nafasi ya kulika. Kwenye visu vya bei ya chini bamba huwa la milimita 1 hivi, la chuma laini, na springi inalipigiza kila unapofungua, kwa hiyo hulika haraka. Dalili ya kwanza ni mchezo wa juu na chini: shika ubapa kwa vidole viwili, utausikia ukigonga, tk, tk. Ule mchezo wa kushoto na kulia huondoka kwa kukaza skrubu. Huu wa juu na chini hauondoki.

Rangi nyeusi siielezei sana. Nyingi ni rangi tu, inakwanguka kwenye kinoo, inaacha michirizi kwenye embe, na kutu huanzia pale ilipokwanguka.

Sasa maandishi kwenye ubapa, kwa sababu hapa watu wengi wanaumizwa. Neno "Stainless" peke yake halikuambii lolote kuhusu makali yatadumu muda gani. "440" bila herufi nayo haisemi kitu cha maana: 440A ina kaboni kati ya asilimia 0.6 na 0.75, 440C ina takriban asilimia 1, na tofauti hiyo unaiona siku ileile ukikata kamba. Vyuma vingi vya bei ya chini, kama 3Cr13 na 420J2, vina kaboni ya asilimia 0.3 hivi. Vinapinda badala ya kumeguka na havishiki kutu upesi, lakini makali yake yanalala baada ya magunia machache.

Muuzaji akikupimia kwa sumaku ili kukuonyesha kuwa "hiki ni stenlesi halisi, hakinasi", usimsikilize. Sufuria na vijiko vingi vya stenlesi kweli havinasi, na imani hiyo imetoka huko. Chuma cha kisu lazima kiwe cha aina inayoweza kukomazwa kwa moto, na chuma hicho cha stenlesi kinanasa sumaku kama kawaida. Kisu kisichonasa kabisa ndicho cha kutilia shaka. Kipimo chenye maana ni hiki: kata karatasi ya gazeti, kisha kata kamba ya katani mara 20, kisha rudi kwenye gazeti. Kikianza kuchana karatasi badala ya kukata, umepata jibu.

Unene unasahaulika kila mara. Vile visu vinene vya kijeshi, mgongo milimita 4, vinaitwa "imara". Kwenye muhogo vinapasua kama shoka, kwenye embe vinakamua maji, na kwenye samaki vinaacha nusu ya nyama kwenye mwiba. Kisu cha mfukoni chenye ubapa wa milimita 2 au pungufu kinafanya kazi hizo zote vizuri zaidi. Kazi inayohitaji milimita 4 ni kazi ya panga, na panga liko nyumbani.

Kisu kilichopinda kama ukucha wa mwewe, chenye tundu la kidole: hakilali kwenye ubao, hakimenyi, hakinoleki kwa kinoo bapa. Kisu cha kadi kinachokaa kwenye pochi: mpini wa plastiki mwembamba unapinda ukikibonyeza, na bawaba yake ni plastiki hiyohiyo. Kile chenye kijiko, uma, msumeno na kifungua chupa pamoja kina uwazi mwingi kati ya vyuma, mchanga wa Msimbati ukiingia hautoki, na kijiko hakifiki chini ya kikombe. Hivi vitatu sina zaidi ya kusema.

Lakini kuna visu ambavyo wapenzi wa visu huvidharau na mimi naona wanakosea. Okapi ni mfano. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, wakati ambao Lindi na Mikindani zilikuwa chini yao, na tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Wanaokipinga wanasema kinacheza, kina kelele, na pete yake ya mgongoni inaonekana ya kizamani. Ni kweli kinalia kama saa ya ukutani ukikifungua. Lakini kufuli lake liko nje, unaliona, unalisafisha kwa mswaki wa zamani, na mchanga unatoka. Chuma chake ni cha kaboni, kinanoleka kwa kinoo chochote. Kitakuwa cheusi ukikata mabibo, kwa kuwa ule ukakasi wa bibo unashikana na chuma na kufanya rangi kama wino. Weusi huo ni wa juu tu, hauli chuma. Kutu nyekundu ndiyo ya kukimbiza.

Victorinox zile ndogo, za mpini wa milimita 91, hulaumiwa kwa kukosa kufuli na kwa chuma laini, ugumu wa 56 hivi kwa kipimo cha Rockwell. Kwa matunda, uzi na kamba ndogo, ulaini huo ni faida, maana makali yanarudi haraka. Usikitumie kuchoma wala kutoboa, basi.

Opinel namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5 na pete ya kufungia iliyobuniwa mwaka 1955, hunyooshewa kidole kwa sababu mpini wa mti huvimba na kubana ubapa. Katika hewa ya Mikindani wakati wa masika hilo hutokea kweli. Ukikwama, fungua pete, geuza kisu kikiwa kimefungwa, gonga pembe ya kitako kwenye meza mara moja au mbili. Ubapa utajitokeza kiasi cha kuushika. Usiutoe kwa koleo. Kianike kivulini siku mbili, kisha tia mafuta kwenye ufa wa mti. Kwa kazi ya ndani ya boti sikipendekezi, kwa shamba na jikoni nakipa alama za juu.

Kwa yeyote anayefanya kazi karibu na bahari, chuma cha stenlesi nacho kinahitaji matunzo. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa; ndani ya bawaba hewa haipiti, maji ya chumvi yanakaa, na vitundu vya kutu huanzia huko huku ubapa ukimeremeta. Kila jioni kisuuze kwa maji baridi ya bomba kikiwa wazi, kikung'ute, kiache kikauke, kisha tone moja la oili ya cherehani kila upande wa bawaba, ufungue na kufunga mara 10, ufute inayotoka. Mafuta ya nazi yanafaa kupaka ubapa unaogusa chakula. Kwenye bawaba yanaganda na kukusanya mchanga.

Ukinoa, ubapa wenye upana wa sentimita 2 uinue mgongo wake milimita 7 juu ya kinoo. Hapo umepata pembe ya nyuzi 20 bila kipimo chochote. Milimita 5 inakupa nyuzi 15, nzuri kwa samaki, ila kwa chuma laini itapinda ukigusa mwiba.

Na skrubu ya bawaba, ambayo mara nyingi ni ya nyota yenye pembe 6: mafundi simu wana bisibisi yake, namba T6 au T8. Kaza kwa robo ya robo ya mzunguko, jaribu, kaza tena, hadi ubapa usicheze kushoto na kulia lakini uweze kufunguka kwa kidole gumba. Ukifika hapo, ifungue skrubu kabisa, futa mafuta kwenye nyuzi zake, paka rangi ya kucha kidogo, irudishe palepale ilipokuwa na uiache ikauke usiku mzima. Haitalegea hovyo, na ukitaka kuifungua tena bisibisi itaitoa.