Mshipi wa kwanza Tanga: ununue upi, uache upi

Anayenunua vifaa vya kuvulia kwa mara ya kwanza huitazama fimbo. Inang'aa, ina pete, inashikika vizuri, na muuzaji anajua hivyo. Lakini samaki hajui fimbo yako. Yeye ameshikana na ndoana, ndoana imefungwa kwenye lida (kile kipande cha mbele), lida imeungwa kwenye mshipi (uzi wa kuvulia), na mshipi uko mkononi mwako. Pesa yako ya kwanza iende huko.

Nimelijua hili kwa hasara. Mshipi wangu wa kwanza niliununua kwenye duka moja mjini, umening'inizwa nje pamoja na ndoo na kamba za manila, na nikaupenda kwa sababu ulikuwa rahisi. Siku ya tatu tulitoka na ngalawa kuelekea upande wa kisiwa cha Yambe. Kolekole akala, akakimbia mara moja tu, na mshipi ukakatika hapo hapo karibu na mkono wangu. Haukugusa mwamba wala jino la samaki. Nilipoutazama vizuri ulikuwa na weupe kama umepakwa unga, na ukipitisha ukucha unakwaruza. Mzee niliyekuwa naye akauchukua, akauzungusha viganjani, akaukata bila kisu. "Mwanangu," akaniambia, "huu umeliwa na jua kabla hujaulipia."

Kwa hiyo kabla sijakupangia vifaa kwa nafasi, cha kwanza hadi cha nne, jifunze kuukagua mshipi dukani. Omba ule uliokaa ndani, kwenye boksi lake. Vuta kiasi cha urefu wa mkono, upitishe katikati ya kucha mbili: uwe laini mwanzo hadi mwisho. Utazame kwenye mwanga. Mzima huwa na mng'ao, uliochoka hufifia. Kisha funga fundo la kawaida mwishoni na ulivute kwa kishindo. Muuzaji mwema hatakukataza. Amini unene wa milimita kuliko kilo zilizoandikwa (uzito ambao mshipi unadaiwa kuhimili), maana kilo hukuzwa sana kwenye mishipi ya bei ya chini.

Nafasi ya kwanza: nailoni ya uzi mmoja, ya kuvulia kwa mkono

Chukua unene wa milimita 0.6 hadi 0.7, mita 100, uuzungushe kwenye kibao au chupa ya plastiki. Kwa anayeanza, awe ufukweni Sahare au ndani ya ngalawa karibu na ghuba, sioni kinachoushinda. Unene huo unashikika. Mwembamba zaidi hukata vidole samaki anapovuta. Tena nailoni hunyumbuka. Mgeni wa kuvua hukosea kwa kuvuta kwa pupa, na mnyumbuko ule humsamehe: ndoana haichani mdomo wa samaki, fundo halikatiki. Hushika mafundo vizuri, na ukipoteza mita 20 kwenye matumbawe hutalala na njaa.

Ubaya wake ni kwamba hukariri mikunjo ya kibao. Kabla ya kutoka, funga ncha kwenye mnazi, uukunjue wote, uuvute taratibu mpaka unyooke. Vinginevyo utashinda unafumua vifundo huku wenzako wanapakia samaki aina ya changu.

Nafasi ya pili: fimbo na rili yake

Hii ni ya anayesimama nchi kavu na anataka kufika mbali, kwa mfano Raskazone maji yakiwa yanajaa. Fimbo ya mita 2.4 hadi 2.7, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) ya namba 4000, na nailoni ya milimita 0.35. Usianze na fimbo ndefu kuliko hapo, itakuchosha bega bure. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakula mshipi wako mtupo baada ya mtupo. Zungusha mkono wa rili polepole usikilize. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu chumvi yetu haina huruma na rili za bei rahisi: usipoisuuza kila siku kwa maji baridi ya bomba, itagoma mapema.

Nafasi ya tatu: mshipi wa kusuka

Mwembamba, una nguvu kuliko nailoni ya unene ule ule, na haunyumbuki, hivyo hata samaki akionja tu utamhisi. Kwenye rili ni mtamu. Kwa mkono mtupu sikushauri kabisa, unakata nyama kama wembe. Ukisuguana na matumbawe hukatika upesi, bei yake ni ya juu, na mafundo ya kawaida huteleza. Subiri msimu mmoja.

Nafasi ya nne: fimbo ya inzi bandia

Wapo wanaoniuliza kwa sababu wameiona kwenye simu, na ni uvuvi mzuri sana. Tofauti yake ni hii: kwenye uvuvi wetu uzito uko kwenye chubwi (kile kipande cha risasi cha kuzamisha), huku uzito uko ndani ya mshipi wenyewe, na mshipi ndio unaobeba kile chambo bandia cha manyoya kisicho na uzito. Ndiyo maana mishipi yake hupewa namba za uzito, na fimbo lazima ilingane nayo. Kwa baharini anza na namba 8, fimbo ya futi 9, na uhakikishe mshipi umetengenezwa kwa nchi za joto. Ule wa nchi za baridi hulegea na kunata kwenye jua letu. Lida yake huanza nene na kumalizikia nyembamba, urefu wa futi 9 hivi. Nimeiweka mwisho kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya kusi: upepo ule ukishika, hata mzoefu hupata taabu kuutandaza mshipi.

Lida, ambako wengi hubania pesa

Sikiliza hapa kwa makini, maana lida ina kazi mbili zinazopingana. Ukivulia kwenye matumbawe kwa mshipi wa mkono, lida iwe nyembamba kidogo kuliko mshipi: ule wa 0.7, lida ya 0.5. Ndoana ikinasa chini, kitakachokatika ni lida, nawe unabaki na mshipi wako mzima. Lakini ukiwa na mshipi mwembamba kwenye rili, ni kinyume: lida iwe nene, 0.6 au zaidi, urefu wa mita moja, ili istahimili miamba. Chewa akishakula, jambo la kwanza ni kurudi pangoni kwake.

Kwa mzia na nguru, nailoni yoyote ni chakula. Weka waya, sentimita 20 mpaka 30 zatosha. Ila uuondoe waya huo unapotafuta changu. Maji yakiwa maangavu anauona na kukaa mbali. Hapo ndipo flurokaboni (aina nyingine ya uzi wa kuvulia) inapofaa, kwa kuwa haionekani sana majini na ni ngumu kuchubuka. Ni ghali, basi nunua kigurudumu kidogo cha lida tu, usijaze rili nzima.

Fundo: pitisha kwenye jicho la ndoana, zungusha mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na jicho, lowesha kwa mate, ndipo ukaze. Usiporuka hayo mate fundo litakaa. Likikazwa kavu hupata joto na kuivunja nailoni kabla ya samaki.

Ndoana nunua za saizi mbili. Kwenye namba za kawaida, namba ikipanda ndoana hupungua, kwa hiyo 12 ni ndogo kuliko 8. Zile zilizoandikwa mkwaju na sifuri, kama 2/0, huenda kinyume. Chubwi chukua za uzito tofauti, kwa sababu iliyotulia vizuri wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) itasombwa siku za bamvua (yanapojaa na kupwa sana). Mimi ningekuombea uanze na maji mafu.

Uliza pia BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) ya bandari unayotokea kuhusu leseni na mipaka. Sehemu ya bahari yetu kuelekea kusini imo katika hifadhi ya silikanti (samaki adimu wa kale) iliyoanzishwa mwaka 2009, na si kila mahali unaruhusiwa kutupa.

Vidole usivisahau. Kata vipete vya tyubu kuukuu ya baiskeli, uvae kwenye kidole cha shahada na cha kati. Na ukirudi nyumbani, suuza mshipi, uanike kivulini, kisha uufungie. Wangu wa sasa unakaa kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda, na kila nikiutoa naupitisha kwanza kwenye kucha.