Mafumbo ya kuandika programu au mradi wako mwenyewe?
Anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Nairobi ana njia mbili za mazoezi. Mafumbo, kama ya tovuti ya Project Euler yaliyoanza 2001, hunoa mantiki: jumlisha namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au 5. Fumbo hilo unalipigia bongo ndani ya matatu ya Rongai. Lakini jibu ni moja tu, na swali umeandaliwa.

Mradi hukufikisha mbali zaidi. Nilimwandikia mama mboga wetu wa Kawangware programu ya madeni. Mteja mmoja akaingizwa "Mama Brayo", kesho yake "mama brayo"; Python, inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, ikaona watu wawili, deni likagawanyika. Usiku huo ndio nilielewa kusafisha maandishi kabla ya kuyahifadhi. Mafumbo nayapa dakika 20 asubuhi, jioni yote ni ya mradi.